Nani Aliyeshona?

Konza ilianza kama kituo cha reli. Njia iliyotoka Mombasa ilipita hapa ikielekea Nairobi, ambako ilifika mwaka 1899, na miaka kadhaa baadaye Konza ikawa njia panda: kutoka hapa reli ya pili iliteremka hadi Ziwa Magadi kuchukua magadi, na kufikia 1915 njia hiyo ya zaidi ya kilomita 140 ilikuwa imekamilika. Leo jina la Konza hutajwa kwa sababu nyingine. Mnamo Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa mji wa teknolojia kwenye ekari 5,000 za ardhi ya Malili, pale Machakos, Makueni na Kajiado zinapokaribiana. Majengo yameanza kusimama. Yana kuta, na kuta za ofisi na vyuo, popote duniani, mwishowe hutafutiwa kitu cha kutundikwa.

Tuseme kwenye ukuta mmoja unatundikwa mfarishi. Si ule wa kujifunika kitandani, ila ule ulioshonwa ili utazamwe. Mfarishi una tabaka tatu. Juu ni vipande vya kitambaa vilivyounganishwa, katikati ni pamba, chini ni bitana. Kisha sindano hupita katika zote tatu, mshono baada ya mshono, mpaka zishikane na uso wa kitambaa uanze kuwa na mabonde na matuta. Malighafi haiko mbali. Athi River, katika kaunti ya Machakos, viwanda vya EPZ hukata na kushona nguo za kuuzwa Marekani, na kila meza ya kukatia huacha vipande. Kuna mitumba. Kuna leso zilizofifia ambazo mama wa nyumbani hazitupi. Hata ujuzi wenyewe haujatoka mbali: jijini Nairobi, mradi wa ushonaji wa Amani ya Juu, ulioanza 1996, umewakutanisha wanawake wa mataifa mbalimbali, wengi wao wakimbizi wa vita, na miongoni mwa kazi za mikono yao ni mifarishi ya vipande.

Mfarishi ukishatundikwa, pembeni yake hubandikwa karatasi ndogo ya maelezo. Iandikwe nini? Swali linaonekana dogo. Lakini ndani yake mna mambo ambayo watu wa dini na wa falsafa wameyabishania kwa karne nyingi: kazi ya mikono ni ya nani, mtenda mema ajulikane au ajifiche, na mtu aliyesahauliwa amepoteza nini hasa.

Kitabu cha Kutoka, ambacho waumini wengi wa Ukambani wamekisikia tangu shule ya Jumapili, kinaeleza jinsi hema la kukutania lilivyojengwa jangwani. Mungu anamwambia Musa kwamba amemwita fundi Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, amemwita kwa jina lake, na kumjaza roho na ustadi wa kufanya kazi za kila namna. Anatajwa pia msaidizi wake, Oholiabu wa kabila la Dani. Hilo ni jambo zito: fundi wa mikono anatajwa kuwa mtu aliyejazwa roho, na ufundi wenyewe unaingizwa katika ibada. Kisha, sura ya 35, wanatokea wanawake wenye ujuzi, wanasokota nyuzi za buluu, za zambarau na nyekundu, na wengine wanasokota singa za mbuzi. Singa hizo ndizo zilizotoa mapazia kumi na moja ya kulifunika hema dhidi ya jua na vumbi. Hakuna hata mwanamke mmoja kati yao aliyetajwa jina. Anatajwa baba yake Bezaleli, na babu yake pia, lakini wasokotaji wanabaki kuwa "wanawake".

Mpangilio huo umejirudia Machakos yenyewe. Muulize mtu anayejua habari za sanaa ya Wakamba amtaje mchongaji mmoja, naye atamtaja Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza uchongaji wa kuuza akiwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kurudi nao nyumbani. Kutoka kwake kazi hiyo ilienea mpaka Wamunyu ikawa na chama cha ushirika cha wachongaji, na vinyago vyake vikafika Ulaya na Marekani. Kisha mwambie mtu huyohuyo amtaje msukaji mmoja wa kyondo, kile kikapu cha kusukwa. Atanyamaza, au atamtaja mama yake mzazi. Kyondo kimesukwa Ukambani kwa vizazi. Nyuzi zilisokotwa kwenye paja, zamani kutoka magome ya miti kama mbuyu, baadaye kutoka mkonge. Kilibeba mtama, mahindi na maharage, na kuanzia miaka ya 1970 kikavuka bahari kikawa mkoba wa wanawake wa miji mikubwa, mpaka viwanda vya Asia vikaanza kukiiga kwa mashine. Kimepata umaarufu wa dunia nzima bila msukaji hata mmoja kupata umaarufu wa kata yake.

Leso nazo zina kisa chao. Pembezoni mwa kanga maarufu za Mombasa, zile za kampuni ya Kaderdina Hajee Essak, huchapwa maneno "Mali ya Abdulla". Kila mvaaji anaijua alama hiyo, na wengi huikagua kabla ya kununua ili wasiuziwe bandia. Lakini nani alichora mji wa kanga ile, yaani sehemu yake ya katikati? Nani alitunga jina lake, lile neno linalosomwa mgongoni na kuanzisha ugomvi au mapatano kati ya wake wenza? Kitambaa kinamtaja mfanyabiashara, hakimtaji mchoraji wala mtunzi. Vivyo hivyo shati linaloshonwa Athi River hutoka na jina la kampuni ya ng'ambo kwenye kola na jina la nchi kwenye mshono wa ubavuni. Kwa hiyo anayeshona mfarishi kwa mabaki ya leso na mabaki ya kiwanda anaunganisha vipande ambavyo tayari vimebeba majina, ila majina ya watu wengine.

Hapa mtu mcha Mungu ana haki ya kuuliza: kuna ubaya gani? Katika Injili ya Mathayo, Yesu anawaonya wanaotoa sadaka ili waonwe na watu, na anasema mkono wa kushoto usijue ufanyacho wa kulia. Katika Uislamu riya, yaani kutenda jema ili kutazamwa, imehesabiwa katika hadithi kuwa shirki ndogo. Bibi Aisha amesimulia kwamba Mtume alikuwa akishona nguo zake mwenyewe nyumbani, na masufi wa kale walivaa joho la viraka kuwa alama ya kuipa dunia kisogo. Kiraka, katika mapokeo hayo, ni kitu cha unyenyekevu. Kukitundika ukutani na kuweka jina chini yake si kuugeuza unyenyekevu kuwa majivuno?

Hoja hii ina nguvu na haifai kupuuzwa. Wapenzi wa mifarishi wana hata simulizi yake: kwamba washonaji wa zamani, hasa Waamishi wa Marekani, waliacha kosa moja makusudi katika kila kazi, kwa kuwa Mungu peke yake ndiye mkamilifu. Simulizi kama hiyo husemwa juu ya mazulia ya Uajemi. Watafiti wa historia ya mifarishi hawajaona ushahidi kwamba Waamishi walikuwa na desturi hiyo, na kwa fikra za kidini inayumba: anayelazimika kutia kosa makusudi amekwisha kujiona kuwa bila hilo angekamilika. Kazi ya mikono haihitaji msaada huo. Mafundi wa lubugo wa Buganda, wanaoponda gome la mutuba mpaka liwe kitambaa, hukuta matundu pale tawi lilipoota, nao hulitia tundu kiraka cha gome hilohilo na kulishona. Ufundi huo, ambao UNESCO iliutangaza kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005, hauombi kosa la bandia. Mti umeleta lake.

Unyenyekevu basi tuupe nafasi yake. Ila tuulize ni wa nani. Mtu anayeamua mwenyewe kutoandika jina lake amejinyenyekeza. Mtu ambaye jina lake liliachwa kwa sababu mnunuzi hakujisumbua kuuliza hajajinyenyekeza hata kidogo; amenyang'anywa. Kwa macho, kazi hizo mbili ambazo hazina jina zinafanana kabisa, na ndiyo maana ni rahisi kuvisha unyang'anyi vazi la utawa. Dini inamtaka mtu asipige tarumbeta kwa ajili yake mwenyewe. Haijamruhusu mwingine amzibe mdomo, na dini hizohizo zinazosifu siri ya sadaka zinakemea vikali kuzuia ujira wa mfanyakazi.

Habari za Harriet Powers zinaonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko hoja yoyote. Alizaliwa mtumwa mwaka 1837 karibu na mji wa Athens, jimbo la Georgia. Baada ya ukombozi yeye na mumewe walipata shamba dogo. Mwaka 1886 alipeleka kwenye maonyesho ya pamba ya Athens mfarishi aliokuwa ameushona wenye picha kumi na moja za Biblia: Adamu na Hawa, Kaini akimwua Abeli, ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Yesu, Yuda na vipande thelathini vya fedha. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, akautaka. Powers akakataa kuuza. Miaka kadhaa baadaye, hali ilipokuwa ngumu, alikubali. Aliomba dola 10 akapewa dola 5.

Lakini Smith alifanya jambo moja ambalo wanunuzi wengi wa kazi za wanawake weusi hawakulifanya: alimsikiliza. Powers alimweleza picha moja baada ya nyingine, na Smith akaandika maelezo hayo na kuyahifadhi. Baada ya mauzo, Powers alikwenda mara kadhaa kuuona mfarishi wake. Leo uko katika jumba la makumbusho la taifa, Smithsonian, na wa pili aliokamilisha kufikia 1898 uko Boston. Bila maandishi yale, wa Smithsonian ungekuwa kitambaa kizuri cha mtu asiyejulikana, na watazamaji wangebuni maana yake. Majivuno yako wapi katika hilo? Mama aliyetafsiri Maandiko kwa mkasi na sindano alitaka tafsiri yake ieleweke.

Yapo mapingamizi ya pili, na haya hutoka nyumbani. Husemwa kwamba sanaa ya Kiafrika ni ya jamii, si ya mtu, na kwamba kudai jina la msukaji au la mshonaji ni kuleta ubinafsi wa kigeni. Maneno hayo hupendwa sana na wauzaji.

Anayeyasema amsome kwanza John Mbiti. Mbiti alizaliwa Mulango, Kitui, akawa kasisi wa Kianglikana na mwanazuoni wa dini, akafariki 2019. Ndiye aliyeeneza zaidi ya mtu yeyote wazo kwamba Mwafrika yupo kwa kuwa jamii yake ipo. Lakini katika kitabu chake kikuu cha 1969, akichukua mifano mingi kutoka kwa Wakamba wenzake, aliandika jambo jingine linalosahauliwa: kwamba marehemu hubaki katika wakati wa sasa maadamu wapo wanaomkumbuka yeye kwa jina lake. Mtu wa mwisho aliyemjua akiondoka, marehemu naye huzama katika zamani, akawa mmoja wa mizimu isiyo na uso. Wanazuoni wengine wameyabishia sana mafundisho yake kuhusu wakati, hasa dai kwamba Waafrika hawana dhana ya siku za mbali zijazo. Kuhusu jina, hata hivyo, ameshika kitu ambacho kila ukoo wa Ukambani unakijua, kwa maana watoto hupewa majina ya mababu na mabibi ili majina hayo yasikatike. Katika fikra hizo jamii ndiyo inayotunza jina. Jamii inayomeza majina ya watu wake haina asili hapa.

Hata kazi ya pamoja yenyewe haikuwa ya watu wasiojulikana. Mwethya, ule ushirikiano uliochimba matuta ya kuzuia mmomonyoko katika milima ya Machakos, ulisimama juu ya kumbukumbu kali: nani alikuja shambani kwangu, nani nina deni la kwenda kwake. Vikundi vya wanawake vya leo vina daftari la mahudhurio, la michango na la faini za wachelewaji. Mfarishi ukishonwa na kikundi cha watu kumi na wawili, mweka hazina anaweza kutoa majina kumi na mawili bila kufikiri. Kwenye maonyesho ndipo majina hayo yanapogeuka kuwa "wanawake wa Ukambani".

Mfarishi mkubwa kuliko yote duniani ulishonwa kwa ajili ya majina. Tarehe 11 Oktoba 1987, vipande 1,920 vilitandazwa kwenye uwanja wa taifa mjini Washington, kila kimoja futi 3 kwa 6, kipimo cha kaburi, na kila kimoja kwa ajili ya mtu aliyekufa kwa ukimwi. Majina yalisomwa kwa sauti. Tangu siku hiyo umekua hata una majina zaidi ya 100,000. Lakini vimo pia vipande vyenye herufi za kwanza tu, au jina la nusu, kwa kuwa familia iliogopa aibu. Kenya inaielewa hofu hiyo. Matangazo ya vifo ya miaka ya 1990 yaliyosema "baada ya kuugua kwa muda mrefu" bado yako kwenye magazeti ya zamani. Vipande vile visivyo na jina kamili vinastahili kutazamwa kwa muda mrefu kuliko vingine. Waliovishona walijua jina na wakachagua kulificha, na mtazamaji anauona uchaguzi wao umeshonwa pale.

Jina peke yake, hata hivyo, halijazi tumbo. Wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha wazao wa watumwa huko Alabama, walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochakaa, ili watoto wasilale baridi. Missouri Pettway alishona mmoja mwaka 1942 kwa nguo za shambani za mumewe aliyekuwa amefariki, na ukiuangalia unaona pale magoti ya suruali yalipokwajuka. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji hicho ilionyeshwa katika makumbusho ya Houston na kisha Whitney, New York. Wahakiki waliisifu kama walivyosifu wachoraji wakubwa, na mwaka 2006 ikachapwa kwenye stempu za posta. Majina ya washonaji yaliandikwa wazi. Mwaka 2007 baadhi yao walikwenda mahakamani wakidai kwamba hawakupata haki yao ya fedha na ya miundo, na kesi zikaisha kwa mapatano mwaka uliofuata. Kutajwa na kulipwa ni madeni mawili, na la kwanza likilipwa halifuti la pili.

Kuna mtu mmoja zaidi wa kujibiwa, yule anayesema uzuri ujitegemee: kazi nzuri ni nzuri, iwe ya malkia au ya mtumwa, na kulijua jina kunaleta huruma badala ya kuleta macho. Anaogopa jambo la kweli. Yapo maonyesho ambayo mtazamaji hasomi mfarishi, anasoma msiba wa mshonaji, akatoka na machozi bila kuona kitambaa. Wakimbizi wanaoshona mjini Nairobi wana haki ya kuambiwa kwamba rangi hii imekosewa, mshono huu umelegea, kama anavyoambiwa fundi yeyote anayeheshimiwa.

Ila dawa ya huruma ni kutazama kwa makini, na kutazama kwa makini humrudisha mtu kwa mshonaji. Mfarishi mzuri hutazamwa kwa mbali kwanza, ili rangi zifanye kazi yake, kisha kwa karibu kabisa. Pale karibu unaona mishono ya mkono isiyolingana, sehemu ambako nyuzi ziliisha akaunga nyingine, mahali ambapo kipande kilipungua akageuza mpango mzima kwa ajili yake. Wajuzi huomba kuona mgongo, kwa sababu bitana haidanganyi. Maamuzi hayo yote ni ya mtu, na jicho lililoyaona linataka kujua ni nani. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kushinda tuzo ya Turner nchini Uingereza 2017, amechora kwa miaka mingi akitumia lugha ya kanga, miji na pindo na jina. Hakuna anayedhani kwamba jina lake linaharibu rangi zake.

Kwa hiyo turudi kwenye ukuta wa Konza. Jua la uwanda huu ni kali, na kitambaa hufifia upesi kuliko rangi ya mafuta. Makumbusho makubwa huweka vitambaa katika mwanga hafifu na kuvipumzisha gizani kwa miezi. Basi mfarishi utundikwe mbali na vioo, kwenye ukuta wa ndani, ukining'inia kwa fimbo iliyopitishwa kwenye mfuko ulioshonwa mgongoni, usipigiliwe misumari. Karatasi ya pembeni iwe na jina la mshonaji, na kama ni kikundi, majina yote kwa mpangilio wa daftari lao. Iwe na kijiji, mwaka, na vitambaa vimetoka wapi: leso ya nani, meza ya kiwanda gani. Mkataba wa ununuzi uandike bei, na useme miundo itabaki ya nani picha yake ikichapwa kwenye kalenda au kwenye tovuti ya mji.

Na yule mama atakayesema hataki jina lake liandikwe, kwa kuwa alishona kwa ajili ya Mungu na hilo linamtosha? Asishurutishwe. Chini ya mfarishi wake iandikwe kwamba mshonaji aliulizwa, na akachagua kutotajwa.